Kabla ya Kumfokea, Muulize Anaogopa Nini

Jumatatu asubuhi kwenye feri ya Likoni, mzee mmoja alimfokea msichana wa chuo mbele ya watu. "Simu, simu, simu! Kizazi gani hiki?" Msichana hakujibu. Nilikuwa nimebanwa ubavuni mwake, nikakiona kioo chake kilichopasuka pembeni. Hakuwa akitazama video wala kuchati. Kidole gumba kilikuwa kikiuvuta chini ukurasa uleule, tena na tena, kuutafuta ujumbe ambao haujaingia.

Nimeudhika tangu siku ile.

Sisi wakubwa tumeshahukumu: anayeshinda kwenye simu ni mvivu, hana adabu. Lakini watafiti wa haiba, yaani hulka za watu, wamewapima wanafunzi wa vyuo katika nchi nyingi, na jambo linalojirudia ni kwamba mwenye wasiwasi mwingi, yule anayeumia upesi na kuwazia mabaya, ndiye anayetekwa na simu kwa urahisi zaidi. Anayejua kujipangia mambo yake huponea mara nyingi. Hata dodoso la maswali 10 la kupima uraibu wa simu, lililotungwa Korea Kusini mwaka 2013, humuuliza mtu kama hukosa subira na kuhangaika simu isipokuwa mkononi. Kuhangaika! Sasa mwenye kuhangaika, ukimfokea, umemtibu nini?

Mtoto wa kaka yangu anakaa kwetu Tudor, yuko mwaka wa pili. Kila usiku nilikuwa nikiona mwanga ndani ya chandarua. Siku moja nikampokonya simu. Hakulala kabisa, nilimsikia akizunguka uani mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi, hamri liko mkononi halijamegwa, akaniambia: "Shangazi, nikiiweka chini, mambo ya karo yananirudia yote kichwani."

Miezi mitatu nilikuwa nikimsema kwa sababu ya bando, kumbe kijana anadaiwa karo na anaona haya kutuambia.

Haya, nakubali: kuiacha simu sebuleni usiku kunasaidia, na programu zenyewe zimeundwa zisifike mwisho. Wapo pia wanaoishikilia kwa kupenda gumzo tu. Lakini mwenye hofu ukimnyang'anya simu, hofu yake unamwachia.

Yule msichana nilimwona mara ya mwisho akipanda kile kilima cha upande wa kisiwani, faili kwapani, bado anavuta. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega safari nzima, na sikumwambia hata "pole, mwanangu".