Piano ya bure sitaki, mlipeni mwalimu wa kinanda

Wana Mbeya mlioko huku Ujerumani na mlioko nyumbani, ndaga. Kuna hii ishu ya kuchangishana hela ya kontena ili tupeleke piano kanisani kule Rungwe, nimekaa kimya kwenye grupu mpaka watu wakaanza kuuliza kama naumwa, sasa naandika kwa urefu ili nisirudie rudie: mimi siungi mkono. Na siyo kwamba sipendi piano, binti yangu anajifunza hapa Frankfurt na mimi ndo nampeleka kila wiki, nikiwa na zamu za usiku kule kwenye nyumba ya kutunza wazee nalala kidogo tu mchana halafu naamka kumpeleka, macho mekundu.

Wenye hoja ya kontena wanasema huku piano zinagawiwa bure. Ni kweli. Mzee anafariki, watoto wanaishi fleti ghorofa ya nne, hawana pa kuiweka, wanaitangaza bure, sharti ni uje uibebe mwenyewe. Sasa mmejiuliza kwa nini bure? Ile ya kuegemeza ukutani tu ina kilo 200 na zaidi, ndani kuna nyuzi kama 220 zimekazwa mpaka mvuto wake wote unahesabiwa kwa tani, na mbao zake zinasikia hali ya hewa kuliko bibi mwenye baridi yabisi. Uisafirishe kwa meli, uitoe bandarini (hapo sijasema ushuru), uipandishe lori kilomita 800 na ushee Dar mpaka Mbeya, ipite Kitonga, halafu uiweke Tukuyu kwenye mvua ile tunayoijua wote, hiyo sauti itakuwaje? Fundi wa kutuni, yaani wa kurekebisha sauti za nyuzi, itabidi umtoe Dar, nauli yako, gesti yako, chakula chako, na akimaliza baada ya miezi 6 anatakiwa arudi.

Lakini hata hilo siyo kubwa. Kubwa ni hili, ikishafika atakayeipiga na kufundisha watoto ni nani na analipwa nini?

Waliokaa Ujerumani kabla ya euro watakumbuka noti ya mark 100, ilikuwa na sura ya mama mmoja, Clara Schumann, na ukigeuza nyuma kuna piano. Mpiga piano kwenye hela jamani! Huyu mama kazaliwa Leipzig 1819, baba yake alikuwa mwalimu wa piano na muuza piano, akamnoa kwelikweli, miaka 9 tu akapanda jukwaani kwenye ukumbi wa Gewandhaus. Akaja kumpenda Robert Schumann, baba akagoma katakata, kesi ikafika mahakamani, wakaoana 1840 imebaki siku moja Clara atimize miaka 21. Watoto 8. Mume akaugua akili, 1854 akapelekwa hospitali na 1856 akafia huko, mama akabaki na watoto 7 walio hai na vidole vyake kumi. Akazunguka Ulaya akipiga matamasha ili watoto wale na wasome, Uingereza kaenda mara nyingi mno, na alikuwa anapiga kichwani bila nota mbele ya watu enzi ambazo jambo hilo lilikuwa geni kabisa, wengine wakaona ni majivuno. Hapo nilicheka, maana wapiga kinanda wetu wote nyumbani wangeitwa wenye majivuno.

Ila kilichonikamata mimi ni 1878. Hapa Frankfurt kulikuwa na tajiri anaitwa Joseph Hoch, aliandika kwenye wosia kwamba mali yake ianzishe shule ya muziki, na shule ilipofunguliwa ikamwajiri Clara afundishe piano. Ana mshahara, anaruhusiwa kufundishia nyumbani kwake, anaruhusiwa kusafiri kwenda kwenye matamasha yake. Akafundisha mpaka 1892 akiwa na miaka 70 na kitu, wanafunzi wakamfuata mpaka kutoka Uingereza. Ona sasa, yule tajiri angeweza kununua piano nzuri akaiweka ukumbini watu waishangae, tungekuwa hata hatumtaji leo. Aliacha hela ya kulipa walimu.

Msije mkadhani nasema huku ni peponi. Mwalimu wa binti yangu ni mama kutoka Georgia, kasoma piano toka mtoto mpaka chuo kikuu, na anafundisha shule tatu tofauti, anaruka na baiskeli kutoka moja kwenda nyingine, analipwa kwa saa na shule zikifunga halipwi. Nimeshamwona anakula mkate huku anaandika namba za vidole juu ya nota za mtoto kwa penseli, 1 gumba, 5 kidole cha mwisho, hajakaa hata dakika tano. Mwaka 2022 mahakama kuu ya mambo ya bima za jamii huku iliamua kesi ya mwalimu wa piano wa shule ya muziki ya mji wa Herrenberg, ikasema yule ni mwajiriwa, siyo kibarua wa kujitegemea, kwa hiyo michango ya bima na pensheni yake ilipwe. Miji ikachanganyikiwa, serikali ikabidi itoe muda wa mpito. Kwa hiyo hata hawa wenye noti ya mark 100 walikuwa wanakwepa kumlipa mwalimu, tofauti ni kwamba mwalimu wa huku ana pa kwenda kushtaki.

Na majirani! 2018 mahakama kuu ya huku Ujerumani iliamua kesi ya mpiga tarumbeta wa mji wa Augsburg, jirani hataki kusikia mazoezi yake nyumbani, ikasemwa masaa 2 mpaka 3 kwa siku za kazi yanatosha, Jumapili 1 mpaka 2. Fikiria matarumbeta yetu ya Moravian siku ya Pasaka wapewe saa moja. Hapo nyumbani tunashinda mbali sana, mtoto anafanya mazoezi mtaa mzima unaitikia sauti ya pili.

Ila mwalimu wa kwaya wetu? Anaandika solfa (do re mi) ubaoni, sauti nne zote kichwani, anawafundisha alto mstari kwa mstari na umeme umekatika, anakuja Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, Jumapili ibada mbili, na malipo ni Mungu atakulipa na wakati wa mavuno ndoo ya viazi. Harusini MC analipwa, DJ analipwa, wa keki analipwa, mpiga kinanda anapewa soda na sahani ya pilau. Aliyenifundisha mimi do re mi aliishia kuendesha bodaboda Mwanjelwa, kinanda akawaachia vijana, na wale vijana nao wakienda Dar nani anabaki?

Kinanda cha umeme kipo, kinatosha kabisa kwa mtoto anayeanza. Kwa hiyo mchango wa kontena mimi sitoi, na atakayesema nina roho mbaya aseme. Wa mshahara wa mwalimu natoa kila mwezi kuanzia mwezi ujao, iwe kwa mkataba wa maandishi, siyo zawadi. Mhasibu nitumie namba ya M-Pesa, na wengine mtaje kiasi chenu hapo chini.