Miji Mahiri: Anayeuliza Swali na Anayebaki na Jibu

Mwezi Oktoba 2017 Sidewalk Labs, kampuni dada ya Google, ilitangazwa kuwa mbunifu wa kitongoji kipya kando ya ziwa mjini Toronto, Kanada, katika eneo la takriban hekta tano liitwalo Quayside. Ahadi zilikuwa nyingi: majengo marefu ya mbao, njia za waendao kwa miguu zinazoyeyusha theluji, taka zinazosafirishwa chini ya ardhi na, juu ya yote, vihisi vya kupima mwenendo wa watu, magari, umeme na hewa. Mwaka mmoja baadaye Ann Cavoukian, aliyewahi kuwa kamishna wa faragha wa jimbo la Ontario na wakati huo akiwa mshauri wa mradi, alijiuzulu kwa sababu kampuni nyingine ambazo zingeshiriki hazingelazimishwa kuondoa utambulisho wa watu kwenye data pale pale inapokusanywa. Tarehe 7 Mei 2020 Sidewalk Labs ikajitoa, ikitaja kuyumba kwa uchumi.

Kisa hicho sasa ni ushahidi wa kila upande. Wanaotetea teknolojia ya miji mahiri, yaani miji inayoendeshwa kwa vihisi na data, husema Toronto ilipoteza fursa kwa sababu mijadala isiyokwisha ilimchosha mwekezaji. Wanaotetea utafiti shirikishi, yaani ule unaofanywa na vyuo vikuu, serikali za mitaa na wakazi kwa pamoja, husema mji uliponea chupuchupu. Kwa maoni yangu pande zote mbili huruka jambo lililotangulia ubishi wenyewe. Wakazi wa Toronto waliitwa kwenye mikutano mingi, wakasikilizwa, wakajibiwa; lakini waliitwa kujadili jibu. Swali la nini hasa kinausumbua mji, na kama dawa yake ni vihisi, lilikuwa limekwisha kufungwa kabla hawajaketi.

Hoja ya teknolojia isibezwe, kwa kuwa ina uzito wake. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba asilimia 55 ya watu duniani walikuwa wakiishi mijini na kwamba ifikapo 2050 watakuwa asilimia 68, na karibu tisa ya kumi ya ongezeko hilo litatokea Asia na Afrika. Mji unaopokea wakazi wapya kila siku hauwezi kungoja ramani inayochorwa upya kila baada ya miaka kumi. Kuna mambo ambayo jicho la mtu na dodoso la karatasi haviyaoni kwa wakati: bomba linalovuja chini ya ardhi, vumbi laini la hewani, kina cha mto saa moja kabla haujafurika. Katika mambo hayo kihisi hakina mshindani, na anayedai kwamba kikao cha mtaa kingeweza kuifanya kazi hiyo anajifurahisha tu.

Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ni mfano bora zaidi wa upande huu, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Mwezi Januari 2006 mji huo ulianza kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya jiji, kamera zikisoma namba za usajili bila gari kusimama. Kabla ya hapo wananchi wengi walikuwa wakipinga. Mpango uliwekwa kuwa wa majaribio, wenye tarehe ya kwisha inayojulikana na kila mtu: mwishoni mwa Julai. Magari yaliyovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban asilimia 20, matokeo yakachapishwa, kisha mfumo ukazimwa na msongamano ukarudi machoni pa watu wote. Mwezi Septemba wakazi wa jiji wakapiga kura ya maoni, walio wengi wakaukubali, na mwaka 2007 tozo ikawa ya kudumu.

Kamera zilizotumika hazikuwa za ajabu hata kwa mwaka ule. Kilichobadili mawazo ya watu ni kwamba teknolojia iliwekwa mbele yao kama jaribio la kisayansi ambalo wao ndio waliopewa kulihukumu, na kuzimwa kwake kulikuwa sehemu ya mpango wenyewe. Watetezi wa miji mahiri hupenda kuitaja Stockholm kwa ile asilimia 20. Ni nadra kuwasikia wakiitaja ile miezi ambayo mfumo ulikaa umezimwa, ukingoja kura.

Upande wa pili una mifano yake. Mapema mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani pamoja na kampuni ndogo ya usanifu, walitoa ramani ya njia za matatu za jiji la Nairobi, zaidi ya 130 kwa jumla. Usafiri uliokuwa ukibeba sehemu kubwa ya wakazi wa jiji ulikuwa haujawahi kuwa na ramani kamili iliyo wazi kwa umma. Teknolojia iliyotumika ilikuwa simu za kawaida zenye GPS. Wanafunzi walipanda matatu mwanzo hadi mwisho wa njia, na kila gari liliposimama walirekodi mahali na jina la kituo. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu vituo vingi havikuwa na kibao wala jina rasmi. Vilijulikana kwa jina la kanisa, kituo cha mafuta au duka la jirani, na kipi ni kituo na kipi ni mahali dereva aliposimama tu kwa sababu kuna abiria ni jambo linalojulikana na wanaosafiri kila siku. Hakuna setilaiti inayoweza kulisoma hilo. Data hiyo ikapangwa katika muundo unaotumika kimataifa kwa ratiba za mabasi na kuachwa wazi, hivyo mwaka 2015 njia za matatu zikaanza kuonekana kwenye Google Maps.

Mtu anaweza kuishia hapo na kupiga makofi. Lakini njia za matatu hubadilika: barabara mpya hufunguliwa, chama cha wenye magari huhamisha kituo, njia moja hufa na nyingine huzaliwa. Ramani ya 2014 ilikuwa sahihi kwa 2014. Kuihuisha kila mwaka ni kazi isiyozaa makala mpya ya jarida la kitaaluma, na mfadhili aliyefurahia uzinduzi hana sababu ya kufurahia marekebisho ya nne. Huu ndio udhaifu mkubwa wa utafiti shirikishi, na watetezi wake huutaja kwa sauti ya chini mno. Ushirikiano hupangwa kwa muda wa ruzuku, ilhali mji hauna tarehe ya kwisha.

Kuna udhaifu mwingine unaoumiza zaidi. Neno “wananchi” katika maandiko ya miradi hufunika tofauti nyingi. Anayepata nafasi ya kuhudhuria kikao saa nne asubuhi siku ya kazi si yule anayetoka alfajiri kutafuta kibarua. Mwenye nyumba na mpangaji wake hawana maslahi mamoja kuhusu barabara itakayopandisha kodi. Isitoshe, mkazi anayejaza madodoso, kuongoza wageni na kuandaa mikutano mara nyingi hafaidi lolote zaidi ya soda na shukrani, wakati mtafiti anaondoka na shahada. Ikiwa kampuni hukusanya data ya watu bila malipo na tunaiita unyonyaji, sioni kwa nini tulibadilishie jina jambo hilo hilo linapofanywa na chuo kikuu.

Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda jijini Nairobi, inaonyesha yote mawili kwa pamoja, ushindi na mpaka wake. Utafiti uliofanywa na wakazi kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, wakishirikiana na mashirika ya kiraia na vyuo vikuu, ulithibitisha kwa takwimu jambo ambalo wakazi walilijua siku nyingi: maskini wa mitaa ile walikuwa wakilipa zaidi kwa kila kipimo cha maji na umeme kuliko walio katika mitaa iliyopangwa, na huduma waliyopata ilikuwa duni. Kwa nguvu ya ushahidi huo, Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linaloandaliwa mpango wake wa pekee, lenye zaidi ya kaya 100,000. Mashirika ya fani mbalimbali yakagawanywa katika makundi ya kazi, ya maji, afya, fedha, sheria na mengineyo, na wakazi wakapangwa katika vikundi vidogo vya majirani vilivyotuma wawakilishi. Baadhi ya barabara na mifereji ya majitaka iliyopangwa humo ilijengwa kweli.

Kisha, kuanzia Oktoba 2021, sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Miaka ya mikutano, ramani na takwimu zilizokusanywa kwa uangalifu haikuizuia tingatinga. Wapo watakaosema hilo linathibitisha kwamba ushirikishwaji ni maneno matupu. Nadhani linathibitisha jambo finyu zaidi na la manufaa zaidi: maarifa ya pamoja hubadili mpango pale yanapokuwa na mahali pa kisheria pa kukaa, yaani pale ambapo afisa anayetaka kuyapuuza analazimika kueleza sababu mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumzuia. Kinyume cha hapo ni kabrasha zuri.

Hitaji hilo la kisheria linauhusu upande wa teknolojia vilevile. Mjini San Diego, Marekani, baraza la jiji liliidhinisha mwaka 2016 uwekaji wa taa za barabarani zenye kamera na vihisi, zaidi ya 3,000, kwa maelezo kwamba zingeokoa umeme na kusaidia kupanga maegesho na mtiririko wa magari. Kufikia 2018 polisi walikuwa wakizitumia picha hizo katika upelelezi, jambo ambalo wakazi wengi hawakulijua. Mwaka 2020, baada ya malalamiko, meya aliagiza matumizi yasitishwe. Mwaka 2022 baraza likapitisha sheria inayotaka teknolojia yoyote ya ufuatiliaji ijadiliwe hadharani kabla ya kutumika, na mwaka uliofuata likawaidhinishia polisi kamera upya, safari hii kwa mjadala wa wazi. Mtu anaweza kuupinga uamuzi wa mwisho, lakini hawezi kudai kwamba ulipitishwa kwa mlango wa nyuma.

Hata pasipo nia mbaya, data ya mji huegemea kwa walio nacho. Boston, Marekani, ilijaribu programu ya simu iitwayo Street Bump, iliyotambua mashimo ya barabarani kwa mtikisiko wa gari. Wahusika walitambua mapema kwamba ripoti zingetoka zaidi katika mitaa yenye magari na simu janja nyingi, na hivyo gari la kukarabati barabara lingeelekea huko huko. Kosa la aina hiyo halionekani kwenye jedwali, kwa kuwa mtaa usioripoti hufanana na mtaa usio na mashimo. Anayeliona mapema ni mtu anayeujua mji kwa miguu. Hapa ndipo msemo wa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake unapokuwa kanuni ya utafiti: mkazi akae kwenye meza inapoamuliwa kitakachopimwa, kwa kuwa akiitwa baadaye kuthibitisha matokeo hataweza kuuona mtaa ambao haukuingia kwenye data.

Kwa hiyo nikilazimika kuchagua, naegemea upande wa utafiti shirikishi, kwa masharti ambayo wengi wa watetezi wake hawatayapenda. La kwanza ni kwamba ukusanyaji unaorudiwa uachiwe mashine, na mikutano ihifadhiwe kwa maamuzi. Kuwaita watu kuhesabu magari ni kuwapotezea muda. La pili ni kwamba chuo kikuu kinachotaka kufanya utafiti na mji kikubali kupimwa kwa kile ambacho ofisi ya mipango miji inaweza kukiendesha yenyewe baada ya watafiti kuondoka, hata kama kupimwa huko hakumpandishi mhadhiri cheo. La tatu, ambalo ni zito kuliko mengine, linahusu mkataba: data ibaki mali ya umma, katika muundo ambao mzabuni mwingine anaweza kuusoma, na matumizi mapya yasianze bila idhini mpya.

Watendaji wa miji watajibu kwamba masharti hayo yanawafukuza wafadhili na kampuni, na kwa baadhi ya miradi watakuwa wakweli. Jiji lisilo na fedha halina nguvu kubwa mezani, na wakati mwingine hulazimika kupokea mfumo uliokwisha kuamuliwa ama kukosa mfumo kabisa. Lakini hata jiji hilo lina jambo moja mikononi mwake, nalo ni bajeti yake ya kila mwaka. Kabla ya kusaini mradi wowote, uwe wa kampuni au wa chuo kikuu, linaweza kuandika kwenye kifungu cha matumizi ya kawaida mshahara wa watu wawili au watatu watakaoihuisha ramani na kuvitengeneza vihisi katika mwaka wa tatu, ruzuku itakapokuwa imekwisha. Baraza likikataa kuidhinisha kifungu hicho, mradi usubiri.