Ziwa Victoria liliwahi kukauka

Ahsante mwandishi kwa makala kuhusu maji ya Ziwa Victoria kupanda. Ila pale uliposema ziwa hili limekuwepo bila kukatika tangu zama na zama, hapana. Watafiti walipotoboa sakafu ya ziwa na kutoa nguzo ndefu za udongo, walikuta chini ya tope laini kuna tabaka gumu, lenye vijizizi vya mimea iliyoota papo hapo. Yaani palikuwa nchi kavu! Vipimo vya kaboni vinaonyesha ilikuwa miaka 17,000 hadi 15,000 hivi iliyopita, zama za barafu zikielekea ukingoni na mvua za ukanda huu zimefifia.

Inawezekanaje? Ziwa ni pana mno lakini halina kina kikubwa: kama mita 80 tu, wakati Tanganyika linapita mita 1,400. Tena sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea lenyewe, si mito. Mvua ikipungua sana, jua linalimaliza.

Na ndugu msomaji hapo juu unayesema hali ya hewa imebadilika siku zote kwa hiyo tusihangaike: kweli imebadilika, na ziwa likatoweka. Sasa pembezoni mwake kuna Mwanza, Kisumu, Entebbe na mamilioni wanaokunywa na kuvua humo. Naziomba serikali zetu tatu zigharimie vipimo vya mvua na kina cha maji bila kuruka mwaka, na takwimu ziwafikie wavuvi kule mialoni.