Minazi Miwili ya Mwanza

Mke wangu ni mtu wa Tanga, na ukikaa na mtu wa Tanga miaka kumi utajua kwamba mnazi kwake si mti, ni ndugu. Kwa hiyo bajaji ilipoingia geti la ile hoteli, mlinzi hajamaliza hata salamu yake ya Kisukuma, "mwadila", Mama Amani alishachungulia nje na kuuliza: "Baba Amani, minazi iko wapi?"

Nikatazama juu, nikatazama kando. Palikuwa na mwembe mmoja, na juu yake korongo wawili, wale wenye upara wanaoshinda Mwaloni wakisubiri matumbo ya samaki.

"Labda wameikata," nikasema.

Haikukatwa. Minazi ile niliipanda mwenyewe, Novemba 2019, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki dukani kwangu Makoroboi, kwa Photoshop.

Nina duka la steshenari: kopi, kadi za harusi, kalenda, mihuri. Meneja wa hoteli ile (jina lake nalimeza, na la hoteli pia) alikuja na picha alizopiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akataka vipeperushi elfu moja. "Fundi, zichangamshe kidogo." Nikazichangamsha. Nguzo ya umeme na nyaya zake nikafuta. Kamba ya kuanikia nguo nikafuta. Kulikuwa na pagala la jirani, ghorofa moja, nondo zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Hilo lilinila saa nzima kulitoa. Halafu yakaja maji. Maji ya ziwa letu, tusidanganyane, ni ya kijani. Nikachota buluu kwenye picha ya Zanzibar nikaimwaga humo, ikakaa vizuri kabisa.

Meneja akatazama, akasema bado kuna kitu kinapungua. "Weka minazi."

"Bosi, huu ni mji wa miamba. Tuweke mawe."

"Mawe mtu anayaona bure akishuka tu kwenye basi."

Minazi miwili ikaingia.

Kazi ilikuwa ya laki nne na nusu. Akatoa laki moja, nyingine "mwezi ujao". Mwezi ujao ukaja na wenzake, mwisho ikaja korona, wageni wakakauka. Juni 2020 akanipigia: "Fundi, hela sina, lakini vyumba ninavyo." Siku mbili, watu wawili, chakula ndani. Nikakubali. Na hapa ndipo akili yangu inaponishangaza mpaka leo: kwa miezi saba kipeperushi kile kilikuwa kimebandikwa ukutani dukani kama sampuli, nimekitazama asubuhi na jioni, nikafika mahali nikakiamini. Nikampelekea Mama Amani kama zawadi ya miaka kumi ya ndoa. Nikamwambia nimelipia. Nani aliyekitengeneza hakuuliza, nami sikuona sababu ya kumchosha.

Tukapanda chumbani. "Vyumba vyote vinatazama ziwa," kilisema kipeperushi. Mama Amani akafungua pazia kwa mikono miwili, kama bibi harusi anayefungua zawadi, na mbele yetu, karibu kiasi cha kuligusa, likasimama pagala. Nikaliona, likaniona. Tulikuwa tunafahamiana tofali kwa tofali. Lilikuwa limeongezeka mbuzi wawili.

"Ziwa liko wapi?"

Mhudumu, kijana mstaarabu sana, akaeleza kwamba ukisimama juu ya choo, ukakamata bomba la maji kwa mkono wa kushoto, ukatoa kichwa dirishani, ziwa lote ni lako. Nilipanda. Ni kweli. Lakini mifuniko ya vyoo haikutengenezwa kwa watu wa kilo tisini, na sauti iliyotoka pale chini ya miguu yangu baadaye iliandikwa kwenye bili.

Tukashuka kwenye "ufukwe binafsi". Mwezi uliotangulia ziwa lilikuwa limejaa hadi likavunja rekodi yake ya 1964, na lilipopanda halikuuliza ufukwe ni wa nani. Miavuli mitatu ya nyasi ilikuwa imesimama majini hadi kwapani. Juu ya ule wa katikati kenge amejinyoosha, anaota jua.

"Kumbe ni binafsi kweli," akasema Mama Amani. "Wa kwake."

Hili ndilo jambo pekee ambalo halikuwa na mkono wangu, nikalitetea kwa nguvu zote. "Ziwa kupanda ni kazi ya Mungu, mke wangu."

"Na minazi?"

Nikaanza kukohoa.

Usiku nilidhani nimepona. Ilikuwa giza, mwezi hakuna, na siku za giza ndizo za wavuvi wa dagaa: ukitazama ziwani unaona taa kwa mamia, kama mji mwingine umeota juu ya maji. Mama Amani akakaa kibarazani, akanyamaza, akanishika mkono. Nikajiuliza kwa nini yule meneja hakuwahi kuipiga picha hii, ambayo haihitaji fundi. Ila siku za giza vijidudu vya ziwani navyo hutoka, wingu zima, kama moshi. Haviumi. Vinataka taa tu, na taa iliyokuwa karibu ni ya chumba chetu, na dirisha tuliliacha wazi. Tulilala tumejifunika shuka gubigubi kama maiti. Asubuhi ukifungua mdomo kusema "umeamkaje" unamega viwili vitatu.

Chai ya asubuhi siielezi. Neno "bafe" lilitumika, na chapati moja ilikatwa pembe nane.

Mama Amani hakumaliza kipande chake. Akachukua kipeperushi, akaenda mapokezi. Binti akampa shikamoo, akaitikia, akauliza kwa upole ule wa Tanga ambao mimi nauogopa kuliko kelele: "Mwanangu, nani alitengeneza karatasi hii?"

"Hata sisi hatumjui, mama. Wageni wote wanaulizia minazi. Lakini kuna namba nyuma, pale chini."

Ipo kweli. Kila kazi yangu naweka namba, herufi ndogo, pembeni. Biashara bila tangazo haiendi.

Akavaa miwani. Akaanza kubonyeza: sufuri, saba, tano... Kufika tarakimu ya sita simu yake ikamalizia yenyewe, na jina likatokea: Baba Amani Kazini. Akalitazama. Akanitazama. Akabonyeza kijani.

Kitochi cha dukani kikalia mfukoni mwangu, mlio wa jogoo.

"Pokea," akasema.