Slim sio lazima iwe nafuu kutengeneza

Konsoli, yani mashine ya kuchezea gemu, ikitoka toleo la slim (jembamba) utasikia watu wanasema hapo kampuni imebana gharama, kasha dogo matumizi madogo. Kuna ukweli, ila mi naona tunaangalia kasha wakati hela iko kwenye chipu.

Chukua PS2 (PlayStation 2 ya Sony), ile ya mwaka 2000 ilikuwa na unene wa sentimita 7.8, slim ya 2004 ikashuka mpaka 2.8, sababu Sony walikuwa washapunguza chipu zenyewe, prosesa na grafiki zikaja kukaa kwenye kipande kimoja cha silikoni, pawasaplai ikatolewa nje ikawa adapta, nafasi ya hadidiski ikafutwa. Chipu ikiwa ndogo unapata nyingi zaidi kwenye sahani ileile ya silikoni zinapokatwa chipu, inakula umeme kidogo, joto linashuka, kwahiyo hitisinki (chuma cha kutoa joto kwenye chipu) na feni nazo zinapungua, na kontena moja linabeba konsoli nyingi zaidi. Yani udogo wa kasha umekuja mwishoni, unafuu ulishapatikana kabla.

Sasa ukibana kasha chipu zikiwa bado za moto ndo balaa linaanza. Xbox 360 ya Microsoft ya 2005 draivu ya DVD ilikaa juu ya chipu ya grafiki, hitisinki yake ikabidi iwe fupi, ukiwasha inachemka ukizima inapoa, hivyo hivyo kila siku mpaka viunganishi vya ndani vinapasuka na taa tatu nyekundu zinawaka. 2007 Microsoft wakarefusha waranti ya tatizo hilo mpaka miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1, hela ambayo hamna plastiki ya kasha ingeweza kuiokoa. Ndo maana PS5 ya 2020 na kilo zake 4.5 mi sikuilaumu, nafasi ile inaruhusu feni moja kubwa na hitisinki kubwa.

Kingine, kupunguza chipu siku hizi hakuleti unafuu kama zamani maana kila kizazi kipya cha utengenezaji sahani yake ni ghali zaidi. PS3 ilianza 2006 kwa dola 599 ile ya GB 60, slim ya 2009 ikauzwa 299. PS5 slim ya 2023 Marekani, ile isiyo na draivu ya diski ilipanda kutoka 399 kwenda 449, kwahiyo anayesubiri slim ili bei ishuke anasubiri hesabu za miaka ya 2000.