Mizimu ya Sam Darnold

Alfajiri ya tarehe 22 Oktoba 2019 nilikuwa macho hapa Mombasa, saa tisa na robo, nikisubiri New York Jets waingie uwanjani dhidi ya New England Patriots katika NFL, ligi ya futiboli ya Marekani. Kwao ilikuwa bado Jumatatu usiku. Sam Darnold, kwotabeki wa Jets, yaani mrusha pasi wao mkuu, alikuwa na miaka 22. Wiki iliyotangulia alikuwa ameiongoza timu kuifunga Dallas Cowboys, na mimi niliyemwamini tangu drafti ya 2018, pale timu zinapochagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni, nilijiandaa kwa mazuri. Jets wakafungwa 33 kwa 0. Pasi nne za kijana huyo zilinaswa na wapinzani. Katikati ya kipigo, akiwa ameketi benchi na kipaza sauti cha televisheni kikiwa mwilini mwake, alisikika akisema anaona mizimu.

Watu wakamcheka miezi na miaka. Mimi nilimhurumia, na mpaka leo sijasikia mtu aliyeieleza kazi ya kwotabeki kijana kwa maneno machache na ya kweli kama yale.

Kwa msomaji asiyefuatilia futiboli ya Marekani: mpira ukishafika mikononi mwa kwotabeki, mara nyingi ana chini ya sekunde tatu. Ndani ya muda huo amtazame mpokeaji wa kwanza, kama amebanwa amtafute wa pili, kisha wa tatu, huku majitu yenye kilo mia na zaidi yakimjia kumwangusha. Wenzake watano walio mbele yake ndio ukuta wake. Ukuta ukibomoka mara moja, huinuka akajifuta vumbi. Ukibomoka kila wiki, kuna kitu kinageuka kichwani. Macho yanaacha kutazama mbali waliko wapokeaji, yanashuka na kuanza kuwatafuta wanaomjia. Ikifika hapo, hata siku ambayo ukuta umesimama imara, yeye bado anamwona mtu asiyekuwapo. Anahama mahali pake bila sababu, miguu inavurugika, pasi inakwenda kombo. Huo ndio mzimu wenyewe, na haukuzaliwa naye. Amepewa.

David Carr alipewa mapema zaidi. Mwaka 2002 Houston Texans, timu iliyokuwa inaanza msimu wake wa kwanza kabisa, ilimchagua wa kwanza kwenye drafti ikamweka uwanjani nyuma ya ukuta wa karatasi. Aliangushwa mara 76 katika msimu mmoja, rekodi ya NFL. Hakuna atakayejua kamwe Carr yule angekuwa nani.

Kwa hiyo ninapompima kijana, takwimu za msimu wa kwanza naziweka kando. Natazama macho na miguu. Je, akishambuliwa bado anatazama mbali? Kosa alilofanya wiki ya tatu, analirudia wiki ya kumi na tatu? Makosa mapya hayanitishi hata kidogo, kwa sababu yanaonyesha kwamba anajaribu vitu vipya. Kosa lilelile likirudi mara ya nne, hapo naanza kuuliza: ni yeye hafundishiki, au hana mwalimu?

Mfano ninaoupenda ni Josh Allen, aliyechaguliwa wa saba na Buffalo Bills mwaka uleule wa Darnold. Msimu wake wa kwanza, pasi zilizomfikia mlengwa zilikuwa asilimia 52.8. Alirusha pasi 10 za tachidauni, yaani za kufunga alama, na 12 zikanaswa. Wajuzi wengi walishatoa hukumu tangu akiwa chuoni Wyoming: mkono una nguvu za ajabu, lakini shabaha haifundishwi, mtu huzaliwa nayo. Buffalo hawakubishana nao. Walimwacha mikononi mwa kocha mmoja wa mashambulizi, Brian Daboll, kwa misimu minne mfululizo. Mwaka 2019 wakamwongezea walinzi na wapokeaji, na 2020 wakamleta Stefon Diggs. Allen mwenyewe, msimu ukiisha, alikuwa anarudi kujifunza upya jinsi ya kuweka miguu na kugeuza kiuno anaporusha. Asilimia ikapanda hadi 58.8, kisha 69.2. Msimu wa 2024 akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Samaki alikunjwa angali mbichi, na mkono uliomkunja haukubadilishwa kila mwaka.

Linganisha na Josh Rosen, aliyechaguliwa wa kumi na Arizona mwaka huohuo. Baada ya msimu mmoja kocha alifukuzwa, kocha mpya akaja na mawazo yake, timu ikamchagua Kyler Murray, na Rosen akapelekwa Miami. Sidai kwamba angekuwa Allen. Alipita timu kadhaa baadaye na hakuna alikoshika mizizi, na inawezekana kabisa kwamba hakuwa na kipaji cha kutosha. Lakini mwaka mmoja chini ya kocha anayekaribia kufukuzwa si mtihani. Ni bahati nasibu.

Na Jets? Geno Smith alianzia pale 2013, akaonekana hafai, kisha mwaka 2022 akiwa Seattle akaongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizofika. Darnold alitolewa mwaka 2021, na mwezi huohuo Zach Wilson akachaguliwa wa pili kuchukua nafasi yake. Wilson naye akaondoka 2024. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Najua haraka hii inatoka wapi. Mkataba wa kwanza wa kijana ni wa miaka minne na ni wa bei nafuu, na kwa aliyechaguliwa raundi ya kwanza timu hulazimika kuamua kuhusu mwaka wa tano mara baada ya msimu wake wa tatu. Baadaye bei hupaa. Wakurugenzi wanataka jibu kabla saa haijagonga, na mwenye timu anataka tiketi zinunuliwe. Naielewa hesabu hiyo. Ninachokataa ni kumtupa mtoto uwanjani ili kulipata jibu upesi, wakati fedha zilezile zilizookolewa kwenye mkataba wake zingeweza kujenga ukuta kwanza. Kansas City walimkalisha Patrick Mahomes nyuma ya Alex Smith karibu msimu mzima wa 2017. Kukaa benchi peke yake hakuponyi kitu, lakini alipoingia alikuta nyumba imeezekwa.

Darnold alipita Carolina kwa misimu miwili, akakaa benchi San Francisco mmoja, kisha akafika Minnesota. Hata pale hakukusudiwa kuwa yeye. Walikuwa wamemchagua J.J. McCarthy, naye akaumia goti kabla msimu wa 2024 haujaanza. Darnold akashinda mechi 14 na kurusha tachidauni 35. Halafu, Januari 2025, Los Angeles Rams wakamwangusha mara tisa katika mechi moja ya mtoano, na nikaiona mizimu ikirudi machoni pake kama vile haikuwahi kuondoka. Iliniuma. Minnesota wakamwacha aende, na Seattle wakamchukua.

Februari 2026, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, wapinzani wake walikuwa Patriots, walewale. Niliamka tena usiku wa manane. Darnold alishinda akiwa na miaka 28. Upande wa pili alisimama Drake Maye, miaka 23, aliyechaguliwa wa tatu kama Darnold, akiangushwa tena na tena mbele ya ulimwengu mzima. Asubuhi yake tayari kuna waliokuwa wanamhukumu. Mimi nasubiri Septemba, nione akishambuliwa kwa mara ya kwanza macho yake yanakwenda wapi.