Kisima chenye sumu: kukifunga au kukiacha?

Kuanzia miaka ya 1970, Bangladesh ilichimba visima vya pampu kwa wingi, UNICEF ikiwa miongoni mwa waliosaidia. Watu walikuwa wakinywa maji ya mabwawa, na watoto wakifa kwa kuhara. Maji ya visima yalitoka maangavu, hayana harufu. Mwaka 1993 ikagundulika kuwa mengi yana aseniki, sumu ya asili itokayo ardhini. Hakuna kiwanda kilichoimwaga. Ilikuwa imeng'ang'ania chuma kilichomo katika mashapo ya mito; huko chini, kusiko na hewa, bakteria hukiyeyusha chuma hicho na aseniki ikaingia majini.

Wanaotaka visima vya aina hii vifungwe mara moja wana hoja nzito. Aseniki haina rangi wala ladha, na kuchemsha maji hakuiondoi. Maji hupungua, sumu ikabaki palepale. Madhara huchukua miaka kujitokeza: ngozi ya viganja hukakamaa, kisha huja saratani ya ngozi, mapafu au kibofu. Anayesubiri augue ndipo akiache kisima amechelewa.

Wa upande wa pili huuliza: kikifungwa asubuhi, jioni watu watachota wapi? Wakirudi bwawani, kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Swali hili nalichukulia kwa uzito wote, maana ndilo lililowafanya watu wachimbe visima hapo mwanzo.

Ila wapo wanaoongeza kwamba vikomo vyenyewe vya sumu majini ni makubaliano tu. Shirika la Afya Duniani linataja mikrogramu 10 za aseniki kwa lita, tena linakiita kikomo cha muda, huku Bangladesh ikiruhusu 50. Hapo siwafuati. Kikomo hicho ni cha muda kwa sababu aseniki ni ngumu kuiondoa majini, si kwa sababu kiasi hicho kimethibitika kuwa salama. Floraidi, madini mengine yapatikanayo majini, ni habari nyingine: kidogo hulinda meno, na ni ikizidi miligramu 1.5 kwa lita ndipo hatari ya meno kubadilika rangi huongezeka. Ikizidi mno, hata mifupa huharibika.

Naona pande zote mbili zinabishana kana kwamba visima vyote vya eneo ni kimoja. Kisima cha jirani, hatua chache tu, kinaweza kuwa salama. Bangladesh ilivipima visima kwa mamilioni na kuvipaka rangi: kijani unywe, chekundu usinywe. Chekundu kinafaa kufulia, kwa kuwa aseniki haipenyi ngozi kwa urahisi. Familia nyingi zilihamia pampu ya jirani bila kisima chochote kufungwa, na kwangu hiyo ndiyo njia ya kuanza nayo.

Lakini rangi hiyo imefutika kwenye pampu nyingi, vimechimbwa vingine ambavyo havijapimwa, na anayechota hana namna ya kujua.